Ngozi ya nyoka wa kufugwa: dalili, chanzo na tiba ya nyumbani

Kabla ya kutafuta dawa, pima kizimba. Vipimo ni vitatu: joto la pale nyoka anapojilaza upande wa moto, joto la upande wa baridi, na unyevu wa hewa. Matatizo mengi ya ngozi ya nyoka wa kufugwa huanzia hapo. Nyoka akipakwa dawa kisha akarudishwa kwenye kizimba kilekile, ataugua tena kabla hajajivua gamba mara mbili.

Pima kwa kifaa cha kidijitali chenye waya wa kipimo, na ule waya uwekwe chini, kwenye kimo cha mgongo wa nyoka. Vile vipimo vya mshale vinavyobandikwa ukutani mwa kizimba mara nyingi husoma ovyo, na hata vikisoma sawa vinapima hewa ya juu ambako nyoka hayupo. Viwango vya nyoka watatu wanaofugwa sana ni hivi. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi (Python regius) anahitaji nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi upande wa moto, 25 hadi 27 upande wa baridi, na unyevu wa asilimia 55 hadi 65. Nyoka wa mahindi wa Marekani (Pantherophis guttatus) anatosheka na nyuzi 29 hadi 31 upande wa moto, 22 hadi 25 upande wa baridi, na unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Boa wa mchanga (Eryx colubrinus), ambaye kwao ni huku huku Kenya na kaskazini mwa Tanzania, anapenda nyuzi 33 hadi 35 mahali pa moto na hewa kavu ya asilimia 30 hadi 50, ila awe na kona moja yenye unyevu.

Nyoka mmoja akihamishwa mji hubadilishiwa maradhi. Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar unyevu wa nje mara nyingi hupita asilimia 75, kwa hiyo hatari kubwa ni tumbo kuoza kwenye matandiko yasiyokauka. Nairobi usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 10 au 12, mfugaji anaongeza moto, hewa inakauka, na gamba linagoma kutoka. Aliye Ulaya wakati wa baridi, au Ghuba ndani ya chumba chenye kiyoyozi, yuko upande wa ukavu hata kama nje kuna mvua au bahari.

Neno gamba hapa chini ni ile ngozi nzima anayoivua nyoka. Magamba ni vile vigae vidogo vilivyopangana mwilini. Maelekezo yote ni ya nyoka wasio na sumu. Usijaribu kumwogesha moma wala fira kwa mikono yako.

Yanayofanana na ugonjwa lakini si ugonjwa

Rangi imefifia, macho yamekuwa na ukungu wa maziwa au bluu, nyoka hali na anajificha: anajiandaa kujivua. Ukungu hukaa siku kadhaa, macho yanakuwa angavu tena, na gamba hutoka siku 3 hadi 5 baadaye. Shughuli nzima huchukua wiki moja hadi mbili. Katika siku hizo usimshike bila sababu, maana ngozi ni laini na huchubuka, na usimwekee panya.

Tumbo la chatu kugeuka waridi siku hizohizo ni kawaida pia, mradi rangi imesambaa sawasawa, haina mabaka yenye mipaka, na inaondoka gamba likishatoka. Doa la manjano au la chaki tumboni mara nyingi ni mkojo wake uliokauka. Lisugue kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu. Likifutika, kazi imekwisha. Na ngozi inayoonekana katikati ya magamba baada ya mlo mkubwa imetanuka tu.

Gamba linatoka vipande vipande

Usilitupe gamba kabla ya kulisoma. Litandaze mezani likiwa bado na unyevu, kwa sababu likikauka hukunjamana na kuvunjika. Nyoka huanza kujivua mdomoni, na gamba hugeuka ndani nje kama soksi inayovuliwa. Anzia kichwani: tafuta viduara viwili angavu, mfano wa lenzi ndogo, ambavyo ni vifuniko vya macho. Mahali pa jicho pakiwa na tundu, kifuniko kimebaki kwa nyoka. Shuka tumboni kwenye vile vigae vipana; alama za kahawia au mipasuko hapo inakuonyesha mahali palipoungua au palipoanza kuoza, hata kama kwa nyoka mwenyewe hukupaona. Malizia mkiani. Ncha inatakiwa kuwa imefunga na kuchongoka. Ikiwa wazi kama mrija uliokatwa, kuna pete ya ngozi imebaki mkiani. Vidoa vyeusi vya ukubwa wa nukta vikiwa vimenasa kwenye gamba, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya utitiri hapa chini. Ila usipime urefu wa nyoka kwa gamba, maana hutanuka linapotoka.

Chanzo kikubwa ni ukavu. Kabla ya kujivua, mwili humimina majimaji kati ya ngozi ya zamani na mpya ili zitengane. Yale majimaji ndiyo yanayotia ukungu machoni. Nyoka asiyekunywa maji ya kutosha, au anayeishi kwenye hewa kavu, anakosa majimaji hayo na ngozi mbili zinagandana. Vyanzo vingine ni utitiri, makovu, njaa ya muda mrefu, ugonjwa wa ndani, au kizimba kisicho na kitu kikavu cha kukwaruzia pua. Jiwe au kipande cha gogo kinatosha.

Mabaki yaliyogandana yanatolewa hivi:

1. Chukua boksi la plastiki lenye kifuniko kilichotobolewa matundu, nyoka aweze kujikunja ndani bila kubanwa.
2. Tandika taulo iliyoloweshwa maji ya nyuzi 28 hadi 30. Ukipima kwa kiganja utahisi si ya moto wala si ya baridi. Ukitumia maji matupu badala ya taulo, kina kisizidi nusu ya unene wa nyoka, asilazimike kuogelea.
3. Mweke ndani dakika 30 hadi 45, na usiondoke. Maji yakipoa, badilisha.
4. Mtoe, mshike ndani ya taulo yenye maji bila kumkaza, umwache apite mwenyewe kutoka kichwa hadi mkia. Msuguano wa taulo unavua mabaki.
5. Yaliyobaki yaache. Rudia kesho, na kesho kutwa.

Hatua ya tano ndiyo inayowashinda wengi. Ngozi kavu haivutwi. Kama iliyo chini yake haijakomaa, utang'oa na magamba mapya, na utabaki na nyama ya waridi ambayo bakteria wataivamia kabla ya wiki kuisha.

Kifuniko cha jicho kinahitaji uvumilivu zaidi. Hakikisha kwanza kwamba kimebaki kweli: jicho linakuwa na rangi ya fedha iliyofifia, na kingo za ngozi iliyochanika zinaonekana kuzunguka. Jicho lenye kibonyeo tu, lisilo na kingo, kwa kawaida ni dalili ya hewa kavu, na hujaa lenyewe unyevu ukipanda. Kwa kifuniko kilichobaki, weka jeli ya machozi bandia, ile inayouzwa duka la dawa kwa macho makavu ya watu, mara mbili kwa siku kwa siku tatu au nne. Kisha vingirisha taratibu kijiti cha pamba kilicholowa kutoka upande wa pua kwenda nyuma. Kisipotoka, acha, pandisha unyevu, subiri gamba linalofuata. Mara nyingi viwili hutoka pamoja. Usitumie kibano, kucha wala utepe wa gundi. Nyoka hana kope. Chini ya kile kifuniko cha zamani kuna kifuniko kipya kilicho hai, na ukikichana jicho linabaki wazi na linaweza kupotea. Vifuniko vya kujivua mara mbili au tatu vikirundikana, hiyo ni kazi ya daktari.

Pete ya mkiani ni ndogo lakini ina madhara. Hukauka na kubana, damu haipiti, na ncha inakufa. Iloweshe dakika 20, kisha ivingirishe kwa vidole kuelekea nchani. Ncha ikishakuwa nyeusi na ngumu, imekufa, na kuilowesha hakutairudisha. Mpeleke kwa daktari kabla uozo haujapanda.

Kwa kinga, weka boksi dogo lenye mlango, ulijaze makumbi ya nazi yaliyochemshwa na kupozwa. Yakamue kwa mkono hadi yasidondoshe tone. Nyoka ataingia mwenyewe siku za ukungu wa macho, na kizimba kilichobaki kitaendelea kuwa kikavu. Kumwagia kizimba kizima maji kila siku ni kuuza tatizo la gamba na kununua la tumbo.

Anashinda ndani ya bakuli la maji, na kuna vidoa vyeusi

Nyoka asiyependa maji akianza kulala ndani ya bakuli mchana kutwa, pima kwanza joto. Huenda kizimba ni moto mno na anajipoza. Joto likiwa sawa, chunguza maji: chembe nyeusi zilizozama kama unga wa pilipili manga ni utitiri waliokufa.

Huyu ni utitiri wa nyoka (Ophionyssus natricis). Jike aliyeshiba damu ana takriban milimita moja, mweusi au mwekundu wa kiza. Mtafute kuzunguka macho, kwenye mfereji ulio chini ya kidevu, kwenye vishimo vya midomo vya chatu, na kandokando ya tundu la haja. Vumbi jeupe juu ya magamba ni kinyesi chake. Kipimo cha uhakika ni kumpitisha nyoka ndani ya karatasi nyeupe ya jikoni, kisha kuikunja na kuiponda. Vidoa vikitoa wekundu wa damu, huna haja ya ushahidi mwingine.

Utitiri akipuuzwa anammaliza nyoka mdogo damu, na anabeba bakteria kutoka nyoka mmoja hadi mwingine. Kinachomfanya awe mgumu kumwondoa ni kwamba mayai hayakai kwa nyoka. Jike hushuka, hutafuta ufa wenye giza na unyevu, huweka mayai kadhaa kwa kadhaa, na kwenye joto la kizimba yanaanguliwa ndani ya siku chache. Kutoka yai hadi mkubwa ni kama wiki mbili hadi tatu. Aliyemtibu nyoka akasahau nyufa za mbao atawaona tena wiki ya tatu na kudhani dawa ni mbovu.

Siku ya kwanza, mtoe nyoka, mwogeshe dakika 20 hadi 30 kwa maji ya uvuguvugu, na umfute kuelekea mkiani. Wengi watazama, ila wengine watapanda kichwani ambako maji hayafiki, ndiyo maana kuogesha peke yake hakumalizi kazi. Walio kidevuni na pembeni mwa macho wapanguse kwa kijiti cha pamba chenye mafuta kidogo sana ya zeituni au ya nazi. Mafuta yasiingie puani.

Matandiko yote yafunge kwenye mfuko, uyatoe nje ya nyumba siku hiyohiyo. Magogo na mapambo yenye nyufa yatupe, au yachemshe yanayochemka. Kizimba kioshe kwa maji ya moto na sabuni, kisha jiki ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa tisa za maji, kwa dakika 15. Suuza hadi harufu iishe kabisa, kausha juani. Pitisha brashi kwenye pembe, reli za mlango na matundu ya hewa. Rudisha nyoka juu ya karatasi nyeupe za jikoni, bakuli la maji, na maficho ya boksi la karatasi ngumu utakalolitupa kila wiki. Karatasi zibadilishwe kila siku. Juu ya weupe utamwona kila anayetembea.

Dawa inayotumika sana ni fipronili ya kupuliza ya asilimia 0.25, ile ya viroboto wa mbwa. Usimpulizie nyoka. Pulizia kitambaa, ukiwa dirisha wazi na glavu mkononi, mfute mwili mzima kwa utando mwembamba ukiacha macho na mdomo, subiri dakika 5, kisha msuuze kwa maji ya uvuguvugu. Bakuli la maji lirudi baada ya saa kadhaa. Rudia kila baada ya siku 7 hadi 10, mara tatu au nne. Nyoka mchanga, mgonjwa, aliyekonda au mwenye mayai asiguswe na dawa hii bila daktari kuamua. Hesabu wiki sita za karatasi nyeupe bila kidoa ndipo useme umeshinda.

Ivamektini ya mifugo inayouzwa agroveti inawaponza wafugaji wengi. Kipimo ambacho madaktari hutumia kwa nyoka ni miligramu 0.2 kwa kilo. Chupa ya kawaida ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, kwa hiyo nyoka wa kilo moja anahitaji mililita 0.02, chini ya tone moja. Kwa sindano ya kawaida hakuna mkono unaoweza kupima kiasi hicho. Ukikosea kidogo umempa mara tano au kumi, na matokeo ni kutetemeka, kupooza na kifo. Mwenye kobe nyumbani asiilete kabisa karibu, kwa kobe ni sumu ya kuua. Dawa za kuogeshea ng'ombe, amitrazi, unga wa kuua kunguni na mafuta ya taa visiguse nyoka wala kizimba.

Nyoka wengine wote ndani ya chumba hicho wahesabu wameambukizwa. Wahudumie wazima kwanza, mgonjwa mwisho, nawa mikono na ubadilishe nguo kabla ya kurudi. Mgeni yeyote akae chumba kingine siku 60 hadi 90 juu ya karatasi.

Kupe

Kupe hupatikana zaidi kwa nyoka waliokamatwa porini. Huonekana kama kigae kimoja kilichoinuka au kilichopinda, rangi ya kijivu au kahawia. Shika kwa kibano chenye ncha nyembamba karibu kabisa na ngozi, vuta polepole bila kuzungusha wala kuchoma kwa kiberiti, mtie kwenye spiriti, paka ayodini iliyochanganywa na maji. Angalia ndani ya matundu ya pua pia. Nyoka mwenye kupe wengi kwa kawaida ana na minyoo, kwa hiyo kinyesi kipelekwe maabara. Nchini Kenya kumiliki mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2009. Boa wa mchanga uliyemwokota barabarani ni wa porini, arudi porini.

Tumbo lina wekundu, kahawia au malengelenge

Hapa watu hukosea mara kwa mara kati ya kuoza na kuungua, na tiba ya chanzo ni tofauti. Geuza tumbo kwenye mwanga, uangalie umbo la doa kabla ya rangi yake.

Kuoza huanzia kwenye kingo za vigae vya tumbo, hapa kimoja, pale viwili, bila mpangilio. Kingo zinakuwa za kahawia au nyekundu, kisha vilengelenge vyenye maji meupe, vikipasuka vinaacha kidonda chenye kigaga. Ukishika matandiko yanalowa, yananuka, na chini ya bakuli kuna ukungu. Kuungua huja kama baka moja kubwa lenye mpaka, mara nyingi lenye umbo la kile kilichounguza: mstatili wa mkeka wa joto, au mstari wa mgongoni kwa aliyejizungusha kwenye balbu. Rangi huanza waridi, halafu kahawia ya mkate uliokauka, na dalili zaweza kuchelewa siku kadhaa.

Kwa kuoza kunakoanza, yaani vigae vichache, hakuna harufu, nyoka anakula na ana nguvu, tiba ya nyumbani inafaa. Toa matandiko yote, weka karatasi, shusha unyevu hadi kiwango cha chini cha aina yake, na uhakikishe upande wa moto umefika joto lake kamili, kwa sababu kinga ya nyoka aliyepoa hulala. Mara moja kwa siku, osha sehemu hiyo kwa povidoni ayodini ya asilimia 10, sehemu moja kwa tisa za maji. Rangi iwe ya chai ya rangi, si ya kahawa. Bandika shashi iliyolowa humo dakika 10, suuza, kausha kwa kugusagusa. Badala yake waweza kutumia klorheksidini ya asilimia 0.05: mililita 12.5 za dawa ya asilimia 4 ukijaza maji hadi lita moja. Iwe ile isiyotoa povu, kwa kuwa ya povu ni sabuni ya upasuaji. Usichanganye dawa hizi mbili. Malizia na utando mwembamba wa krimu ya silva salfadiazini ya asilimia 1, inayouzwa kwa majeraha ya moto.

Endelea wiki mbili. Dalili ya kupona ni kidonda kukauka na kutoongezeka kigae kipya. Nyoka ataanza kujivua harakaharaka, kila baada ya wiki tatu au nne, na hiyo ni njia ya mwili kujitengeneza. Msaidie kwa boksi la makumbi lililokamuliwa vizuri zaidi, siku za ukungu wa macho tu.

Usitoboe malengelenge. Na usisubiri hata siku moja ukiona nukta nyekundu kama vichomo vya sindano zimetapakaa tumboni, harufu ya uozo, usaha, vigae vinavyobanduka, au nyoka aliyelegea asiyejigeuza akilazwa chali. Hizo ni dalili za bakteria walioingia kwenye damu, na dawa ya kupaka nje haiwafikii. Anahitaji sindano za antibiotiki zilizopimwa kwa uzito wake, kwa hiyo mpime kwa mizani ya jikoni kabla ya kwenda, na umpeleke akiwa kwenye mfuko wa kitambaa ndani ya boksi.

Kwa kuungua kwa juu, mwagia maji ya bomba ya baridi ya kawaida, si barafu, dakika 10. Kisha karatasi safi, krimu ya silva salfadiazini mara moja kwa siku, na maji ya kunywa ya kutosha kwa sababu ngozi iliyoungua hupoteza maji. Asali ya dukani, siagi, yai na dawa ya meno viache jikoni. Baka lililozidi kiganja chako kwa nyoka mkubwa, au upana wa tumbo kwa mdogo, au lenye weusi mkavu, ni la daktari.

Kinachounguza ni chanzo cha joto kisicho na thamostati, yaani kifaa kinachozima umeme joto likifika kiwango ulichoweka. Mkeka wa joto uliochomekwa moja kwa moja waweza kupita nyuzi 40 juu ya kioo, na nyoka haondoki, kwani hewa inayomzunguka ni baridi na anaendelea kutafuta joto palepale panapomchoma. Funga thamostati, kitambuzi chake kikae juu ya mkeka kabisa chini ya matandiko, na balbu iwe na kinga ya wavu ambayo nyoka hawezi kujizungushia. Mawe ya joto ya umeme usinunue.

Alama za meno, pua iliyochubuka, gundi

Panya hai aliyeachwa usiku na nyoka asiye na njaa humla nyoka mgongoni, hadi mfupa. Lisha panya aliyekufa tayari. Jeraha dogo lioshe kwa maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai katika mililita 300 za maji yaliyochemshwa na kupoa, halafu ayodini ile ya rangi ya chai kwa siku saba. Linaloonyesha nyama halisubiri.

Pua iliyochubuka hutoka kwa kusukuma wavu au kioo usiku kucha. Dawa ni maficho ya kutosha pande zote mbili, na wavu wa mlango ubadilishwe uwe wa plastiki laini. Utepe wa gundi uliomnasa nyoka usiubandue kavu: pitisha mafuta ya kula kati ya gundi na ngozi kwa kijiti cha pamba, kidogo kidogo, ukielekea mkiani. Inaweza kuchukua nusu saa. Gundi ya utepe haifai kabisa ndani ya kizimba.

Uvimbe, na vigaga vya usoni

Uvimbe mgumu chini ya ngozi kwa kawaida ni jipu. Usaha wa nyoka si maji. Ni mzito na mkavu kama jibini, kwa hiyo haukamuliki wala hautoki kwa kitambaa cha moto. Hukatwa na daktari na kukwanguliwa pamoja na mfuko wake. Uvimbe laini unaohama mahali huenda ni mnyoo, zaidi kwa waliotoka porini.

Vigaga vya manjano au kahawia usoni na shingoni, magamba yanayopauka na kuwa mazito, uso kuvimba na kujivua kupita kiasi vinaweza kuwa ukungu (kuvu) wa Ophidiomyces ophidiicola. Kwa macho huwezi kuutofautisha na bakteria, na huu si wa kujaribia krimu. Mtenge, vaa glavu, na kipande cha ngozi kipelekwe maabara.

Duka la dawa: cha kuacha

Krimu za mchanganyiko zenye betamethasoni au klobetasoli, zile zinazotolewa kwa kila upele, zinapunguza wekundu huku zikizima kinga, na kuoza kunaendelea chini kwa chini. Marhamu zenye dawa ya ganzi, majina yanayoishia na -kaini, zisitumike. Dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikikutana na maji, na zile zenye harufu ya msonobari, ni sumu kwa nyoka hata kwenye sakafu ya kizimba. Haidrojeni peroksaidi inaunguza nyama mpya.

Baada ya kila tiba nawa mikono kwa sabuni, kwa kuwa nyoka mzima kabisa aweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha. Beseni la kuogeshea nyoka lisirudi jikoni, na watoto wa chini ya miaka mitano wasimshike.

Kidonda kikipona, magamba hurudi taratibu, gamba hadi gamba, na yaliyoungua sana hayarudi. Panabaki ngozi laini isiyo na vigae. Hapo gamba litagandana kila mara, maisha yake yote. Weka alama mahali hapo, na kila akijivua panguse kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu kabla mabaki hayajakauka.